Nani Ana Ufunguo wa Josho?



Mwezi huu sitaandika habari za mbolea wala za mbegu. Nataka tuzungumze juu ya watu tunaowachagua kutuongoza: wenyeviti, makatibu, waweka hazina na wanakamati wa vyama vyetu vya maziwa, wa majosho na wa miradi ya maji. Katika skimu nyingi mikutano mikuu haiko mbali, na tayari nasikia kuna watu wanaowanunulia wenzao chai na mkate, hali mwaka mzima hawakuwanunulia hata njugu. Kabla hamjamaliza huo mkate, yafaa mnisikilize kidogo.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili asiwepo mtu wa kusema kwamba nimekuja kunyoshea wengine kidole.

Mwaka wa 1996 nilichaguliwa kuwa mwenyekiti wa josho letu la kuogeshea ng'ombe. Wakati ule Serikali ilikuwa imeacha kuyaendesha majosho mengi na kuyarudisha mikononi mwa wananchi, na letu lilikuwa limekaa muda mrefu bila dawa. Nilifanya kazi kwa bidii, hilo sitalificha. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikikusanya fedha. Dawa niliinunua mwenyewe, nikaipima mwenyewe, nikaikoroga mwenyewe. Kila Alhamisi alfajiri nilikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Ufunguo wa stoo ya dawa niliutia kamba nikauvaa shingoni, na watu walinisifu wakasema, huyu kweli ni mtumishi wetu. Nami nilisadiki.

Mwaka uliofuata, mvua za mwezi wa nne zilipoanza, nikaletewa habari kwamba ndugu yangu ni mgonjwa sana mbali na kwetu. Niliondoka usiku uleule. Nilikaa huko wiki tano nikimuuguza, na ufunguo uko shingoni. Alhamisi ya kwanza watu walileta ng'ombe wao wakakuta stoo imefungwa. Maji ya josho yalikuwa yamepungua, kwa hiyo wakaongeza maji ya mto ili ng'ombe wapate kuogelea. Hakuna aliyethubutu kuvunja mlango, na hata kama wangeuvunja, hakuna aliyejua kipimo cha dawa. Alhamisi ya pili wakaongeza maji tena. Ng'ombe waliogeshwa kwa maji matupu, na kupe hawajali maji.

Niliporudi, jirani zangu walikuwa wamekwisha kupoteza ndama wanne kwa ndigana kali. Mmoja alikuwa ndama jike wa mama mjane, ambaye ng'ombe wake alinunuliwa kwa mkopo na deni lilikuwa bado. Hakuna aliyenilaumu. Walinipa pole kwa ajili ya ndugu yangu. Ila yule mama aliniuliza neno moja, kwa upole kabisa: "Mwenyekiti, kwani ufunguo ulikuwa mmoja tu?"

Neno hilo nimelichukua tangu siku ile, nalo ndilo lililonifanya niandike leo.

Wale wasiofuga ng'ombe wa maziwa huenda wakaona ndama wanne kuwa jambo dogo. Basi nieleze. Kupe aletaye ndigana kali, yule wa rangi ya kahawia anayependa kukaa masikioni, hampi ng'ombe ugonjwa mara tu anapomshika. Huchukua siku chache akinyonya damu ndipo ugonjwa unapopita. Ndiyo sababu tunaogesha ng'ombe kila wiki: tunamuua kupe kabla kazi yake haijamalizika. Ukiruka wiki moja, umemwachia mlango wazi. Ukiongeza maji bila dawa umefanya vibaya zaidi, maana dawa iliyobaki inapungua nguvu, nawe warudi nyumbani ukidhani ng'ombe wako yu salama. Tena dawa hushika katika manyoya kuliko maji yanavyoshika, hivyo kila ng'ombe anayepita huacha josho likiwa hafifu zaidi. Ng'ombe wa kwanza kupita asubuhi hurudishwa mara ya pili, kwa kuwa safari yao ya kwanza imetumika kukoroga dawa iliyolala chini. Haya yote mtoto wa darasa la saba aweza kujifunza kwa asubuhi moja. Mimi sikumfundisha hata mtu mmoja.

Sasa nieleze fikira zangu. Tumezoea kudhani kwamba viongozi ni wa namna mbili. Kuna yule mkubwa, anayekaa kitini na kuamuru, na kuna mtumishi, anayejinyima na kufanya kila kitu kwa mikono yake. Tunamlaani wa kwanza na kumsifu wa pili. Mimi nilikuwa wa pili, na ndama wakafa. Mtu anayefanya kila kitu mwenyewe, hata akifanya kwa moyo safi, amewafanya wenziwe kuwa watu wa kungoja. Siku asipokuwapo, kazi imekufa.

Kuna Mmarekani mmoja, Robert Greenleaf, aliyefanya kazi karibu miaka 40 katika kampuni kubwa ya simu ya kwao. Baada ya kustaafu, mwaka wa 1970, alitoa maandiko mafupi juu ya kiongozi aliye mtumishi, na maneno hayo yameenea duniani katika makampuni, mashule na makanisa. Jambo moja katika fikira zake linatufaa sana sisi wa vyama vya ushirika. Hakusema kiongozi apimwe kwa wingi wa jasho lake. Alitaka tuwatazame wale wanaoongozwa. Je, wamekua? Wamepata maarifa na uhuru kuliko walivyokuwa, hata wao wenyewe waweze kutumikia wengine? Kwa kipimo hicho mimi nilianguka, ingawa shati langu lilikuwa limelowa kuliko la mtu yeyote.

Katika skimu zetu jambo hili lina mizizi ya zamani. Mpango wa makao wa ekari milioni moja ulianza mwaka wa 1962, na kufika mwanzo wa miaka ya 1970 familia zipatazo 35,000 zilikuwa zimepewa mashamba katika nchi iliyokuwa ya walowezi. Watu walikuja kutoka pande nyingi. Jirani yako hakuwa wa ukoo wako, labda hata lugha hamkusikizana. Wengi walikuja na deni la ardhi la kulipwa kwa miaka 30, na deni la ng'ombe na la waya juu yake. Katika skimu nyingi chama cha ushirika kilianzishwa kiuze maziwa au pareto kwa pamoja, na fedha za mkopo zikatwe humohumo. Yaani watu wasiojuana walitiwa katika kazi moja, na riziki ya kila mmoja ikategemea uaminifu wa wote.

Na uongozi gani walikuwa wameuona katika mashamba yale kabla ya hapo? Wa nyapara. Nyapara alisimama na daftari, akahesabu, akatoza, akafukuza. Daftari lilikuwa lake na la bwana wake. Mfanyakazi hakulitazama ndani. Sishangai kwamba mwenyekiti wa kwanza wa vyama vingi alisimama palepale aliposimama nyapara, akashika daftari vilevile. Hakuwa mtu mbaya. Aliiga alichokijua. Lakini tumekwisha kuzeeka sasa, wajukuu wa wale wa 1962 wana mashamba yao, na bado kuna kamati ambazo mwanachama akiomba kuona daftari anaulizwa, "Wewe humwamini mwenyekiti?"

Jibu la swali hilo ni hili: namwamini, ndiyo maana nataka kuona. Daftari la chama ni la wanachama. Hesabu zilizokaguliwa zapaswa kuwekwa mbele ya mkutano mkuu, na katika chama cha ushirika kila mwanachama ana kura moja, awe na ng'ombe mmoja au kumi. Hayo si hisani ya mwenyekiti.

Tuliona pia taabu ya watu wasiofundishwa. Mwaka wa 1997 ilitungwa Sheria mpya ya Vyama vya Ushirika, ambayo iliondoa sehemu kubwa ya mkono wa Serikali na kuwaachia wanachama chama chao. Ilikuwa haki yao. Lakini katika vyama vingi wanachama walikuwa hawajawahi kusoma hesabu, wala kuulizwa shauri, na wachache waliokuwa na funguo wakabaki nazo bila mtu wa kuwachungulia. Vyama vikagawanyika vipande vipande, fedha zikapotea, mashauri yakajaa mahakamani. Mwaka wa 2004 sheria ikarekebishwa na msimamizi wa vyama akarudishiwa nguvu za kuchunguza na kuonya. Nafikiri marekebisho yale yalihitajika. Lakini msimamizi mmoja hawezi kukaa katika kila kituo cha maziwa saa kumi na mbili ya asubuhi. Mwanachama aweza.

Hapo penye kituo cha maziwa nataka tukae kidogo, maana ndipo kiongozi anapojulikana.

Chama kimoja ninachokijua kilikuwa na karani kijana wa kupokea maziwa. Kazi yake ni kupima kila debe kwa laktomita, kile kipimo cha kuelea kinachoonyesha kama maziwa yametiwa maji. Nyote mwajua kwa nini: maziwa yetu yanamiminwa katika mkebe mmoja mkubwa, na debe moja la ulaghai likiingia, mkebe mzima waweza kukataliwa kiwandani. Mtu mmoja aliyetia maji amewanyang'anya jirani ishirini mapato ya siku hiyo. Asubuhi moja karani alikataa maziwa ya shemeji yake mwenyekiti. Kelele zikawa nyingi. Shemeji akampigia mwenyekiti simu, naye akaja.

Kila mtu alingoja kuona. Mwenyekiti alimwambia karani apime tena, polepole, watu wote wakitazama. Kipimo kikaelea chini palepale. Mwenyekiti akasema neno moja, "Andika," na maziwa yakarudishwa.

Nimewasikia watu wakisema kiongozi aliye mtumishi ni mtu laini asiyeweza kusema hapana. Hawakuwapo asubuhi ile. Mtumishi wa watu mia mbili hana budi kumwambia mmoja hapana, hata akiwa shemeji. Asiyeweza kufanya hivyo anamtumikia shemeji, hatumikii chama.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Jioni yule mwenyekiti alikwenda kwa shemeji yake, bila wazee wala barua ya kamati, akaomba chai, akauliza nani anakamua. Kumbe anakamua kijana wa kazi, ambaye hakuwa amelipwa kwa miezi miwili. Kijana alikuwa akiuza lita mbili njiani kwa mchuuzi na kujaza debe kwa maji ya mferejini. Basi maneno yakawa juu ya mshahara wa kijana, wala si juu ya laktomita. Kijana akalipwa, na sijasikia tena debe la nyumba ile likirudishwa. Mimi naona kazi ya jioni ile ilikuwa ngumu kuliko ya asubuhi, na hakuna posho ya kikao iliyolipwa kwa ajili yake.

Habari ya posho nitasema kwa ufupi, maana hasira inaharibu maandiko. Kamati inayokutana mara nne kwa mwezi kuzungumzia jambo lililowezekana kumalizwa kwa kikao kimoja inakula maziwa yenu. Katika mkutano mkuu ulizeni vikao vilikuwa vingapi, na kila kimoja kiliamua nini.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wanaume twalipita kimya. Nani anaamka saa kumi ya usiku kukamua? Nani anabeba debe mpaka kituoni, na mvua, na matope? Katika nyumba nyingi ni mama na watoto. Lakini nambari ya uanachama ni ya baba, kwa kuwa hati ya shamba ni ya baba, na siku ya mkutano mkuu anakuja baba, ambaye labda hata jina la karani halijui. Halafu kamati inachaguliwa ya watu ambao hawajabeba debe miaka ishirini, nao ndio wanaopanga saa ya kupokea maziwa. Ndiyo sababu saa zenyewe mara nyingi ni za ajabu. Kama chama chenu kinaruhusu mume na mke wote wawili kuwa wanachama, andikisheni wote wawili. Kama hakiruhusu, leteni jambo hilo mkutanoni lizungumzwe. Kiongozi anayetaka kutumikia kazi lazima kwanza awasikilize wanaoifanya, na katika kazi ya maziwa hao ni mama zetu.

Nawe mwanachama usidhani nimekusahau. Unapompelekea mchuuzi maziwa ya asubuhi kwa sababu ya shilingi tano zaidi, na kukiletea chama yale ya jioni yaliyolala, unataka mwenyekiti akutumikie nini? Gari la chama hutumia mafuta yaleyale likibeba mikebe kumi au mitatu. Unapompigia mtu kura kwa sababu ni wa ukoo wenu, kisha ukashangaa anapowajaza jamaa zake katika kazi za chama, umeshangaa nini? Ulimchagua kwa ukoo, naye anaongoza kwa ukoo. Mtu aliyechaguliwa kwa mkate ataurudisha mkate wake kutoka kwenye mkebe wa maziwa.

Basi mkutano ukifika, msiulize nani ana gari au nani anajua kusema mbele ya wageni. Mwulizeni anayetaka uenyekiti: ukiugua mwezi mzima, nani atafanya kazi yako, na je, yuko hapa tumwone? Mwulizeni mweka hazina kama kuna mtu wa pili anayeweza kueleza hesabu ile kwa lugha mnayoielewa nyote, pamoja na makato yote yanayotolewa katika bei ya lita moja. Siku hizi vyama vingine huwatumia wanachama kilo zao kwa simu. Mwulizeni katibu kama chenu chaweza. Mtu mwenye nia ya kutumikia hatakasirika. Atafurahi, maana mzigo utakuwa umepata mabega mengine. Atakayekasirika amewapa jibu tayari.

Na wewe uliye kitini sasa, sikulaumu. Najua usiku unavyolala na hesabu kichwani, na najua utamu wa kusifiwa kwamba bila wewe chama kingekufa. Utamu huo ndio ulionidanganya mimi. Chukua kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne aliyekaa nyumbani bila kazi, mpe daftari la akiba, aandike sambamba na wewe kwa miezi mitatu. Atakosea. Msahihishe bila kumwaibisha mbele ya watu. Chukua mama mmoja katika wale wanaofika kwanza kila siku, mwonyeshe kipimo cha dawa, kisha simama kando apime yeye nawe ukitazama. Mara ya kwanza mikono yako itawasha kutaka kumnyang'anya kikombe. Itie mfukoni.

Mimi nilifanya hivyo nilipochelewa, baada ya ndama wanne. Nilikwenda kwa fundi nikachongesha funguo mbili zaidi, mmoja nikampelekea yule mama mjane nyumbani kwake. Alicheka akasema yeye hajui kusoma yaliyoandikwa kwenye mkebe wa dawa. Tukakata kijiti, tukatia alama ya kisu mahali dawa inapofika katika kikombe, na alama nyingine ya kimo cha maji ukutani mwa josho. Kijiti kile kilifanya kazi miaka mingi. Wanawe walipokua walimsomea maandishi, na akakuta kijiti kilikuwa sawa.

Sasa mimi si mwenyekiti tena, wala sina ufunguo. Alhamisi iliyopita nililala kupita kiasi nikafika josho jua limekwisha kutoka. Ng'ombe wa watu walikuwa wamekwisha kupita, dawa imeongezwa, matope yamefagiliwa. Binti aliyeshika daftari, mjukuu wa yule mama, aliwaruhusu ng'ombe wangu wapite, kisha akaniandikia faini ya shilingi 20 kwa kuchelewa. Nililipa, akanipa risiti.